Akaunti mbili za hisa kwa jina langu, na moja ni ya ndugu yangu marehemu

Mshauri, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto watatu, mwalimu, naishi Lanet hapa Nakuru. Jambo langu linaonekana la karatasi tu, lakini limeninyima usingizi na sina mtu wa nyumbani ninayeweza kulizungumza naye bila kuzua ugomvi.

Serikali ilipouza hisa za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5, nilikuwa nikifundisha shule ya msingi kule Njoro. Walimu wengi tulichukua mikopo midogo ya sacco tukanunua. Walioomba walikuwa wengi mno, kwa hivyo niliambulia hisa mia chache na pesa nyingine zikarudishwa. Akaunti ya CDS, ile ya kielektroniki ya kutunzia hisa, niliifungua kwa majina yangu ya usichana. Baadaye mwaka huohuo niliolewa, nikabadilisha kitambulisho ili kuongeza jina la mume wangu. Majina yalibadilika, namba ikabaki ileile.

Ndugu yangu mdogo alikuwa akiishi Kaptembwa na kuuza vipuri vya baiskeli. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru mnamo Januari 2008, nyumba yake iliteketezwa na kila karatasi aliyokuwa nayo ikaungua. Alihamia Kisumu na mkewe na mtoto wao mchanga, akaanza upya soko la Kibuye. Mwishoni mwa mwaka, bei ya hisa iliposhuka chini ya ile tuliyonunulia sisi, alinipigia simu. Alikuwa na akiba na alitaka kununua, ila kitambulisho chake kipya kilikuwa hakijatoka. Nilisafiri hadi Kisumu, tukaenda pamoja kwa dalali wa hisa. Akaunti ilifunguliwa kwa kitambulisho changu kipya na kwa anwani ya sanduku lake la posta, na pesa zote zilikuwa zake. Alinunua hisa 12,000. Tulipokuwa tukitoka aliniambia, "Dada, hizi zikae kwako. Mambo ya mjini hubadilika." Sikumuuliza zaidi.

Hundi ya gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenyehisa, ilipokuwa ikija kwenye sanduku lake, aliniletea Krismasi tukikutana kwa mama kule Ahero. Niliiweka benki, nikampa pesa zake. Basi. Hatukuwahi kuandikiana kitu.

Alifariki mwaka 2015 kwa ugonjwa wa figo. Baada ya mazishi hakuna aliyetaja hisa. Sanduku la posta lilifungwa, nami nikashughulika na mama na watoto wangu.

Mwaka huu nilimwandikia msajili wa hisa nikiomba gawio la hisa zangu chache liwe likilipwa kwa M-Pesa badala ya hundi. Jibu lilikuja kwamba namba yangu ya kitambulisho ina akaunti mbili za mwenyehisa, kila moja kwa majina yake. Wanataka nijaze fomu ya kuziunganisha, niambatishe nakala ya kitambulisho, cheti cha ndoa na hati ya kiapo kwamba mwenye majina hayo yote ni mtu mmoja. Wamesema pia kwamba akaunti ya pili ina gawio la miaka mingi ambalo halijachukuliwa, na kwamba sehemu yake imeshakabidhiwa mamlaka ya serikali inayotunza mali zisizodaiwa.

Kiapo chenyewe ni cha kweli. Mwenye majina hayo ni mimi. Lakini kila nikishika kalamu, mkono unakataa.

Mume wangu aliiona barua hiyo. Anasema jina ni langu, kitambulisho ni changu, sahihi ni yangu, kwa hivyo swali liko wapi? Tuna nyumba ambayo haijaezekwa na yeye anaona Mungu amejibu. Si mtu wa tamaa, tafadhali usimwelewe hivyo. Mama naye nilimdokezea kidogo, akaniambia waziwazi kwamba mali ya mwanawe isipitie mikononi mwa wifi yangu, kwa sababu wifi aliuza kiploti walichokuwa nacho na sasa anaishi Kakamega na mwanamume mwingine. Na mtoto wa kwanza wa ndugu yangu, yule aliyetoka Kaptembwa akiwa mgongoni, yuko Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na ameahirisha muhula kwa kukosa karo. Alinipigia juzi: "Shangazi, kama kuna chochote." Ana dada yake mdogo katika sekondari.

Niunganishe akaunti halafu ninyamaze? Niunganishe halafu nimsaidie kijana kimyakimya kadiri nitakavyoweza? Nimwambie wifi, ambaye hatujazungumza vizuri tangu mwaka ule wa mazishi? Naogopa kumkosea marehemu, naogopa kuivuruga nyumba yangu, na naogopa mama atakufa akinilaumu.

Dada wa marehemu, Nakuru

*

Dada mpendwa,

Pole kwa kumpoteza ndugu yako, na pole kwa miaka hii yote ambayo umekuwa ukibeba jambo lake peke yako. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara narudi pale uliposema kiapo ni cha kweli lakini mkono unakataa. Nadhani mkono wako umeona kitu ambacho fomu haikuulizi. Msajili anataka kujua kama majina mawili ni ya mtu mmoja. Wewe unajiuliza kama mali mbili ni za mtu mmoja. Hayo ni maswali tofauti, na la pili haliwezi kujibiwa na cheti cha ndoa.

Kwanza nikuondolee hofu ndogo. Kuwa na akaunti mbili si kosa, na barua ya msajili si shtaka. Kazi yake ni kutunza daftari la wenyehisa kwa niaba ya kampuni, na daftari safi ni lile ambalo mtu mmoja anaonekana mara moja. Watu wengi sana wamo mara mbili. Wapo wanawake waliobadilisha majina baada ya ndoa kama wewe, na wapo waliotumia dalali mmoja Nakuru na mwingine Eldoret. Huku Magharibi wapo wazee walionunua hisa za kampuni ya sukari ya Mumias mwaka 2001 wakapewa vyeti vya karatasi, kisha wakafungua akaunti za CDS baada ya mfumo ule wa kielektroniki kuanza mwaka 2004, na majina yakaandikwa kwa mpangilio mwingine. Kwa wengi wao kuunganisha ni jambo jema. Anwani inakuwa moja, malipo yanapita njia moja, na warithi wao hawatahangaika kutafuta vipande vipande.

Kwako hali ni tofauti, na naomba ulitazame hili kwa utulivu. Leo, hisa zako ziko kwenye akaunti moja na za ndugu yako ziko kwenye nyingine. Hamkuandikiana, hakuna wosia unaoutaja, na yeye hayupo. Kwa jinsi ulivyonieleza, mpaka kati ya chako na chake umeandikwa mahali pamoja tu: katika utengano wa akaunti hizo mbili. Ya kwanza ina majina ya usichana na anwani yako. Ya pili ina sanduku la posta la Kisumu, tarehe ya mwisho wa 2008, na hisa 12,000. Zikiunganishwa, taarifa utakayopata kila mwaka itakuwa na jumla moja. Miaka kumi ijayo, wewe mwenyewe utakumbuka hesabu. Watoto wako hawataikumbuka.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama utaunganisha, ningependa uulize kama ni lazima uamue sasa. Barua yako inasomeka kana kwamba fomu ikikaa mezani kuna kitu kitaharibika. Kinachoharibika kwa kuchelewa ni gawio lisilochukuliwa, na hilo lina njia yake. Mwulize msajili kama unaweza kubadilisha anwani na njia ya malipo kwenye akaunti ya pili, bila kuiunganisha na ya kwanza. Ukifaulu hapo, pesa zitaacha kupotelea kwenye sanduku lililofungwa, nawe utapata nafasi ya kuzungumza na watu wako bila haraka. Lakini hilo pia lina hatari: ukishaona pesa zinaingia kwenye simu yako, ni rahisi mwaka ukapita, na mwingine, na mazungumzo yasifanyike kamwe. Wewe unajijua kuliko mimi.

Sasa nigeukie waliokuzunguka. Mume wako anasema jina ni lako, hivyo mali ni yako. Nakuamini unaposema hana tamaa, na nyumba isiyoezekwa ni mzigo wa kweli. Mbele ya msajili na mbele ya dalali, yuko sahihi. Hao hawatakuuliza pesa zilitoka wapi. Lakini sheria inamtambua pia mtu anayeshika mali kwa jina lake kwa ajili ya mwingine, na mahakama zetu huangalia nani alilipa na nia ilikuwa nini. Sikwambii haya ili uogope kushtakiwa. Nakwambia kwa sababu nadhani mume wako hajasikia hadithi yote kama ulivyonisimulia mimi. Je, anajua kuhusu zile Krismasi za Ahero? Anajua kwamba kila hundi uliigeuza pesa ukamkabidhi mwenyewe, mwaka baada ya mwaka? Huo ndio ushahidi mkubwa kuliko yote wa jinsi ninyi wawili mlivyozielewa hisa hizo, na umetokana na matendo yako mwenyewe. Mtu akiusikia, huenda akalitazama paa kwa jicho lingine. Au huenda asilitazame hivyo, na mtalazimika kubishana. Hata hivyo ni afadhali mbishane juu ya kisa kizima kuliko juu ya nusu yake.

Kuhusu mama, huzuni yake naielewa. Mwanawe alitangulia, na mwanamke aliyekuwa wake anaishi kwa mwingine. Kwa mama aliyezika mtoto, hilo huuma kwa namna ambayo maneno hayaponyi. Lakini acha nikuulize unachojua hasa kuhusu kiploti kile. Umeandika kwamba wifi aliuza. Hukuandika kwa nini. Ndugu yako alikufa kwa figo, na mtu yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa figo anajua kusafishwa damu ni mara ngapi kwa wiki na ni gharama gani kwa familia ya muuza vipuri. Pengine kiploti kililipa madeni ya hospitali. Pengine kililipa karo. Pengine hakikulipa hata kimoja kati ya hivyo, na mama ana haki ya kukasirika. Mimi sijui, na kwa jinsi barua yako ilivyo, sina hakika kama wewe unajua. Tena, mtoto wa marehemu hapotezi haki yake kwa babaye kwa sababu mama yake amepata mwenzi mwingine. Mama yako anaposema mali isipitie kwa wifi, huenda mnakubaliana kuliko mnavyofikiri: yeye anataka mali ya mwanawe ibaki kwa mwanawe, na damu ya mwanawe iko Masinde Muliro na iko sekondari.

Hapo naingia kwenye wazo lako la kati, la kumsaidia kijana kimyakimya. Naliona lilivyo la upole. Linaepusha kelele, linaokoa muhula wake, na marehemu angefurahi. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, Safaricom iligawa shilingi 1.20 kwa kila hisa. Kwa hisa 12,000 hiyo ni shilingi 14,400, na ukiondoa kodi ya asilimia 5 zinabaki 13,680. Haziwezi kumaliza karo, lakini kwa kijana aliyeahirisha muhula si pesa kidogo, achilia mbali yaliyolimbikizwa tangu 2015. Swali langu ni hili: atakapozipokea, atajua ni nini? Akidhani ni huruma ya shangazi, atakushukuru na atajiona mdeni wako. Akijua ni akiba ya baba yake, aliyoiweka mwaka uleule aliopoteza kila kitu, hatakuwa mdeni wa mtu. Atakuwa mtoto aliyeachiwa kitu na babaye. Sijui kama unaweza kumnyima hilo kwa ajili ya amani, ila nakuomba ulipime. Pia kuna upande mwingine: siri ya namna hiyo ikijulikana baadaye, hata aliyefaidika nayo anaweza kuuliza kwa nini alifichwa, na kiasi gani kilibaki.

Njia ya kumwambia wifi ndiyo inayokutisha zaidi, nami sitaifanya ionekane nyepesi. Anaweza kudai zote, leo, taslimu. Anaweza kukushuku kwamba umekuwa ukila gawio miaka yote. Kwa hilo la pili una jibu: barua ya msajili yenyewe inasema gawio halijachukuliwa. Itunze barua hiyo vizuri. Na kumwambia si lazima kuwe kukabidhi. Unaweza kumweleza kuna nini na kiko wapi, kisha mkakaa, ikiwezekana na mzee mmoja wa ukoo mnayemwamini nyote, mkatazama cha kufanya. Pia sijui kama yeye hajui. Mume na mke waliohama Kaptembwa na mtoto mgongoni, wakaanza upya Kibuye, je, mume angetoa akiba ya nyumba nzima mkewe asijue? Inawezekana amekuwa akikungoja wewe useme. Inawezekana ukimya wake tangu mazishi una sehemu yake katika hilo.

Mkifikia makubaliano, njia za kutimiza zipo kadhaa na hakuna iliyo bora kwa kila familia. Hisa zinaweza kuuzwa kupitia dalali katika Soko la Hisa la Nairobi na pesa zikagawanywa. Hiyo ni safi na ya haraka, lakini inamaliza mali, na bei ya siku hiyo ndiyo bei. Kijana ni mtu mzima, anaweza kufungua akaunti yake ya CDS, na hata aliye chini ya miaka 18 anaweza kufunguliwa akaunti chini ya mlezi. Kuhamisha hisa moja kwa moja kutoka kwako kwenda kwao bila kuziuza sokoni kunahitaji kibali na karatasi zaidi, kwa hiyo uliza dalali mapema usije ukaahidi kisichowezekana. Au mnaweza kuziacha zilipo, kwa jina lako, gawio likienda kwa watoto hadi wamalize masomo. Hii ya mwisho inamfaa mama pia, kwa sababu haipitii mikono anayoiogopa. Udhaifu wake ni wewe. Namaanisha kwamba wewe pia ni binadamu, na ukiondoka ghafla, hisa zote zilizo kwa jina lako zitahesabiwa kuwa sehemu ya mirathi yako. Mume wako na watoto wako watazirithi kwa nia njema kabisa, bila kujua.

Kwa sababu hiyo, hata kama hutaamua chochote mwezi huu wala ujao, kuna karatasi moja ambayo ningefurahi kusikia umeiandika. Eleza ndani yake akaunti ya pili ilifunguliwa lini, wapi, kwa pesa za nani, na ndugu yako alisema nini mlipokuwa mkitoka. Iandike kwa maneno yako, uiapishe mbele ya wakili au kamishna wa viapo, nakala moja ibaki kwake. Ukiwa na karatasi hiyo, hata kuunganisha akaunti kunapungua hatari, kwa sababu mpaka unaofutwa kwenye daftari la msajili utakuwa umeandikwa mahali pengine. Omba pia taarifa ya kila akaunti peke yake kabla ya mabadiliko yoyote, ikionyesha idadi ya hisa na gawio lote lisilolipwa.

Lile gawio lililokabidhiwa serikalini halijapotea. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda mamlaka hiyo, wengi wanaiita UFAA, inazitaka kampuni kukabidhi mali isiyodaiwa baada ya muda fulani, lakini mwenyewe anabaki na haki ya kuidai. Hawatozi ada ya kudai. Akitokea mtu kukwambia atakusaidia kwa asilimia fulani, mkatae. Tovuti yao inaruhusu kutafuta kwa namba ya kitambulisho, na kwa kuwa majina yako yamebadilika, kile cheti cha ndoa kitahitajika huko pia.

Kuhusu nani umwambie kwanza, siwezi kukuchagulia, maana mimi sitakaa mezani nao. Wengine wangeanza na mume, kwa sababu ndiye atakayelala nyumba moja na uamuzi. Wengine wangemkalisha mama kwanza, kwa heshima. Ukiniuliza moyo wangu unaelekea wapi, ningeanza na yule ambaye ukimya wako unamgharimu zaidi sasa hivi, na nikitazama barua yako naona muhula ulioahirishwa. Lakini yeye ni kijana, na kumpa habari hii kabla ya mama yake kunaweza kumweka mahali pabaya kati yenu. Lifikirie hilo pia.

Fomu ya msajili acha ikae kwa sasa. Waandikie tu kwamba umeipokea, kwamba mwenye majina hayo ni wewe, na kwamba unaomba taarifa za akaunti zote mbili, kila moja kivyake, kabla ya kuamua juu ya kuunganisha. Ukishazipata, niandikie tena kama utapenda, hasa kama mume wako atasema jambo ambalo hukulitarajia.

Mshauri wako